Fizikia ya Mteremko: Kazi ya Idara Ndogo



Dereva wa lori anayeshuka kutoka Sachangwan kwenda Salgaa, hapa Kenya, hahitaji mhadhara ili ajue kwamba breki hupata moto. Harufu yamtosha. Mimi naongeza hesabu tu. Lori la tani 40 likiteremka mita 300 za wima bila kuongeza mwendo, nishati ya takriban megajuli 118 lazima iende mahali fulani. Inatosha kupasha lita 400 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 90, na kwa mwinuko huu wetu hapo maji yamekaribia kuchemka. Ukishuka kwa gia nzito, injini hubeba sehemu ya mzigo huo. Ukiweka frii ili uokoe dizeli, karibu wote huangukia breki.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka hapa Sachangwan, watu wakakimbilia kuteka mafuta, moto ukawaua zaidi ya 100. Umaskini ulizungumzwa sana baadaye, na ilistahili. Fizikia haikuzungumzwa vya kutosha: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini, hujaa mitaroni, na hushika moto hata katika baridi ya Molo.

Kazi ya kueleza haya ni ya idara za fizikia, lakini katika vyuo vyetu idara hizo hupimwa kwa idadi ya wanafunzi. Kwa kipimo hicho tutashindwa kila mwaka, kwa sababu katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 shule nyingi ziliwaruhusu wanafunzi waiache fizikia wanapoingia kidato cha tatu. Dawa tunayoandikiwa kila mara ni kuiga idara kubwa: kozi nyingi, mitambo mingi, fundi wa maabara mmoja. Mimi siiamini.

Mfano wangu ni Elmer Imes. Alisoma Fisk, chuo cha Wamarekani Weusi mjini Nashville, akapata udaktari wa fizikia Michigan mwaka 1918 kwa kupima jinsi gesi zinavyofyonza miale ya infraredi. Mwaka 1930 alirudi Fisk kuongoza idara ya fizikia. Chuo kilikuwa kidogo na ubaguzi ulikuwa sheria jimboni. Alipanda pale kazi aliyoijua, na hata baada ya kifo chake mwaka 1941 Fisk ikaendelea kujulikana kwa infraredi.

Miale hiyohiyo ndiyo inayosomwa na kipimajoto cha mkononi, kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Kielekeze kwenye ngoma ya breki ya lori lililosimama Salgaa, andika joto, uzito na gia iliyotumika. Hiyo ni tasnifu ya shahada ya kwanza, na hakuna idara ya Ulaya iliyokaa karibu na data hiyo kuliko sisi.

Tusiwasahau walimu. Peter Tabichi alikuwa akifundisha hisabati na fizikia Keriko, shule ya kutwa huko Njoro, aliposhinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019. Shule kama hizo ndizo zinazotuletea wanafunzi, ilhali vifaa vyetu hufungiwa kabatini likizo nzima.

Basi ombi langu kwa chuo ni dogo: fundi wa pili wa maabara, ajira ya kudumu, na gari la kupeleka vifaa shuleni. Kwa madereva, naomba ruhusa tupime magurudumu yenu kabla hayajapoa.