Chuma cha Ini na Elektroni Zake Tano

Sitokromu P450 ni familia ya vimeng'enya ambayo kwa binadamu ina jeni 57, na vingi kati ya vile vinavyoshughulika na vitu vigeni mwilini hufanya kazi kwenye ini. Dawa, kemikali za moshi na sumu za mimea hutiwa atomu ya oksijeni ili ziyeyuke kwenye maji kwa urahisi na kutoka kwa mkojo au nyongo. Kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4 kinabeba mzigo mkubwa kuliko vyote. Hata lumefantrini, iliyomo katika dawa ya mseto ya malaria, inapitia kwake.

Namba 450 imetokana na nuru. Miaka ya 1962 hadi 1964 Wajapani Tsuneo Omura na Ryo Sato walionyesha kwamba rangi ya ajabu iliyoonekana katika chembechembe za ini ni ya protini yenye hemu, na kwamba ikishapewa elektroni na kushikana na kaboni monoksidi hufyonza zaidi nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450.

Katikati ya hemu ipo atomu moja ya chuma. Nitrojeni nne zimeizunguka, salfa imeishika upande mmoja, na upande wa pili, kimeng'enya kikiwa kimepumzika, hukaa molekuli ya maji. Chuma hicho kina elektroni tano zinazohusika hapa, na kila moja ina spini, yaani sifa inayoifanya iwe na usumaku wake. Katika spini ya chini, nne hukaa jozi mbili, usumaku wao ukabatilishana, na moja hubaki peke yake. Katika spini ya juu, zote tano hukaa kila moja pake.

Maji ndiyo yanayokibana chuma kwenye spini ya chini. Dawa ikiingia katika uwazi wa kimeng'enya huyasukuma nje, chuma hujitokeza kidogo kwenye bapa la hemu, na spini hupanda. Badiliko hili dogo lina uzito mkubwa, kwa sababu hurahisisha kuingia kwa elektroni inayoanzisha kazi. Katika P450 ya bakteria Pseudomonas putida, kafuri ikiingia, volteji ya chuma hupanda kutoka takriban milivolti −300 hadi −170. Hivyo nishati haipotei bure pasipo kitu cha kuchakata. Vimeng'enya vya ini havifuati utaratibu huu kwa ukamilifu: CYP1A2 hukutwa kwa kiasi kikubwa kwenye spini ya juu hata kabla ya kupata dawa.

Maabara hulifuatilia badiliko hilo kwa macho ya spektrofotomita. Kimeng'enya kilichosafishwa huwekwa kwenye kichupa cha kwazi, kisha dawa huongezwa kidogo kidogo. Ufyonzaji wa karibu nanomita 418 hushuka, ule wa karibu 390 hupanda, na kutokana na kiasi cha dawa kilichohitajika hukokotolewa jinsi dawa inavyoshikana na kimeng'enya. Njia nyingine ni kuigandisha sampuli kwa heli ya kimiminika, kuiweka kwenye uga wa sumaku na kuipigia mawimbi ya mikro. Spini ya chini na ya juu huitikia tofauti kabisa.

Ketokonazoli, dawa ya fangasi, huonyesha picha nyingine. Nitrojeni yake hukamata chuma chenyewe, spini hubaki chini, na ufyonzaji husogea kuelekea mawimbi marefu zaidi. Kimeng'enya kilichoshikwa hivyo hakichakati dawa nyingine, nazo hulimbikizana kwenye damu. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayepewa dawa ya fangasi ya kumeza anapaswa kumtajia daktari au mfamasia kila dawa anayotumia, zikiwemo za mitishamba.