Upweke Katikati ya Watu



Mwanzoni mwa mwaka 1977 binti wa miaka 18, Ishikawa Sayuri, mzaliwa wa Kumamoto kusini mwa Japani, alitoa wimbo wa enka, aina ya muziki wa Kijapani, uitwao Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki, yaani mandhari ya majira ya baridi kwenye mlangobahari wa Tsugaru. Maneno ni ya Aku Yū, muziki wa Miki Takashi. Mwanamke kaachana na mpenzi wake, anarudi kaskazini peke yake. Kisa ni hicho tu.

Nimeusikiliza miaka mingi, na kila mara najiuliza: kosa lilikuwa la nani? Wimbo haujibu. Hatuambiwi jina la mwanamume, wala sura yake, wala lililowatenganisha. Tunapewa safari. Treni ya usiku inatoka Ueno, inafika Aomori kwenye theluji, na abiria wanaelekea melini bila kusemezana.

Kutajwa kwa Ueno kuna uzito wake. Ndiyo stesheni ya Tokyo waliyoshukia vijana wa kaskazini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wengine ndio kwanza wamemaliza shule, wakija kutafuta kazi. Kuondoka usiku kwa mlango ule ule ni kukiri, pasipo kutamka, kwamba mapenzi yamekushinda na mji nao umekushinda.

Kivuko cha kwenda Hakodate, ng'ambo ya mlangobahari, kilichukua muda wa karibu saa nne. Humo ndani mtu asiyemjua anamwonyesha mwanamke huyo kwa kidole rasi ya Tappi. Kioo kimeingia ukungu. Anakifuta kwa mkono, na bado rasi ni kivuli cha mbali. Naomba mpatazame hapo. Amesemeshwa, amezungukwa na watu, na upweke wake haukupungua. Tena ukungu ule ni wa pumzi zake mwenyewe. Sijui namna bora zaidi ya kumwonyesha mtu aliyeachwa.

Miki naye hakumharakisha. Noti zinakwenda tatu tatu, kama mawimbi yasiyochoka, na Ishikawa anaibana sauti ubeti karibu wote. Kisha, kuelekea mwisho, anaachia kite kisicho na neno, akikivunjavunja kwa mtetemo ambao waimbaji wa enka huuita kobushi. Mimi hapo ndipo machozi hunilenga.

Vivuko vile vya reli vilikoma tarehe 13 Machi 1988, siku lilipofunguliwa handaki la Seikan, kilomita 53.85. Siku hizi treni huvuka gizani, chini ya rasi ile ile ya Tappi, na abiria haoni shakwe wala theluji. Juu ya rasi hiyo, penye upepo mkali, limesimamishwa jiwe la ukumbusho wa wimbo. Mgeni akibonyeza kitufe, sauti ya Ishikawa hutoka na kuelekea baharini.