Mtoto Mchanga Hafundishwi Lugha na Simu

Mazungumzo na wazazi na walimu wa chekechea



Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Lakini ninayosema leo yanaanzia nyumbani, kabla mtoto hajafika darasani.

Wengi wetu humwachia mtoto simu yenye katuni za Kiingereza tukiamini anajifunza. Mwaka 2003, mtafiti Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa miezi 9 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilikaa na watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina, vipindi 12 vya dakika 25 hivi. Kundi jingine likaonyeshwa watu hao hao kwenye runinga. Waliocheza na mtu waliweza kutofautisha sauti mbili za Kichina zinazokaribiana, sawa na watoto wa Taiwan. Wa runinga je? Hawakupata kitu. Walikuwa kama wale ambao hawakuwahi kusikia Kichina.

Kuhl anaona kwamba ubongo wa mtoto mchanga hushika lugha anapofuata macho ya anayesema naye na kujibiwa anapotoa sauti. Katuni haimjibu.

Na muda wenyewe ni mfupi. Watoto wa Japani wa miezi 6 hadi 8 hutofautisha "r" na "l" za Kiingereza kama wa Marekani. Wakikaribia mwaka mmoja, uwezo huo hupungua. (Sisi tunaotaniana kwa "r" na "l", tupunguze kicheko.)

Sisemi mtupe simu. Wala msijilazimishe Kiingereza cha kuungaunga. Ongea na mtoto lugha unayoimudu, iwe ya mama au Kiswahili. Hata mtaala wa sasa unataka chekechea ifundishe kwa lugha ya eneo. Unapomwosha, mwambie unaosha nini. Akibwabwaja, mjibu, kisha ngoja naye ajibu. Ukimwachia nyanya mtoto ukienda shambani, mwombe afanye vivyo hivyo. Hakuna bando la kununua.

Walimu, nanyi mkisimulia hadithi, mngojee kila mtoto jibu lake, hata likiwa neno moja.

Sasa nasikiliza maswali, tuanze na akina mama waliobeba watoto.