MTOTO WA BANDIA, MKONO WA KWELI

(Mazungumzo ya wauguzi na wanakisomo wa Amani, Unguja)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya muuguzi mpya, yule aliyetoka chuoni juzi, na leo yuko zamu ya usiku.

Sisi tulipoanza kazi tuliogopa. Hatuoni haya kusema hivyo. Mitihani tulifaulu na vyeti tulipewa. Lakini mzazi alipoanza kutoka damu nyingi mbele yetu, mikono ilitetemeka. Tuliyosoma yalikuwa kichwani, hayajashuka mikononi.

Nyinyi jambo hili mnalijua. Mlipoanza kisomo, herufi mlizijua moja moja. Mwalimu akikuita ubaoni, zote zinapotea! Hukuwa mjinga. Mkono ulikuwa bado haujazoea chaki.

Tofauti ni hii: ubao unangoja, damu haingoji. Mtoto aliyezaliwa akakosa kuvuta pumzi anatakiwa asaidiwe katika dakika ya kwanza. Hapo hakuna nafasi ya kufungua daftari.

Sasa mikono itafundishwa vipi bila ya kumhatarisha mtu? Inafundishwa kwa vitu vya bandia. Mwenzetu mmoja hujifunga tumbo la bandia. Ndani yake mna mtoto wa bandia na mfuko wa maji mekundu. Mwenzetu huyo hujifanya mzazi, analalamika, anaita. Mara maji mekundu yanatiririka. Muuguzi mpya aite msaada, atayarishe sindano ya kukaza mji wa mimba, asugue tumbo, na huku azungumze na mzazi kumtuliza. Akikosea, hafi mtu. Kisha wote wanakaa chini na kuulizana: Tumesahau nini? Tumechelewa wapi? Halafu wanarudia tena.

Mafunzo hayo ya kuzuia damu yalijaribiwa India, Malawi na hapa kwetu Zanzibar. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Ujuzi uliongezeka, na kujiamini kuliongezeka.

Lakini jamani, kujifunza mara moja hakutoshi. Tuwape mfano wa Tanzania Bara. Katika hospitali ya Haydom, mkoa wa Manyara, mwaka 2010 wafanyakazi walifundishwa kwa siku moja kumsaidia mtoto asiyevuta pumzi. Kwa mwanasesere walifanya vizuri. Walipokwenda kwa watoto wa kweli, mambo yalibaki yale yale. Mwaka 2011 wakaanza mazoezi mafupi, ya dakika chache tu, palepale kazini, mara kwa mara. Kabla ya hapo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 11 walikufa katika siku ya kwanza. Baadaye walikufa 7. Hao wanne ni watoto wa watu.

Na hapa mjini, hospitali ya Mnazi Mmoja, kati ya mwaka 2014 na 2016, wakunga na madaktari walipewa kijitabu kidogo cha mfukoni. Walikutana mara kwa mara kukisoma na kujadili visa vya uzazi. Kabla ya mpango huo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 59 walizaliwa wafu. Baadaye walikuwa 39. Bado ni wengi, lakini wamepungua.

Kwa hiyo kujiamini hakuletwi na cheti. Kunaletwa na kurudia. Tena anayejiamini bila ya mazoezi ni wa kuogopwa zaidi kuliko anayetetemeka, kwa sababu anayetetemeka ataita mwenzake. Wazee wetu walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkono uliotulia nao umeundwa.

Nanyi mnaweza kutusaidia. Kwanza, mleteni mzazi mapema, msingoje usiku wa manane. Pili, mkimwona muuguzi kijana anamwita mwenzake, msiseme, "Huyu hajui kazi." Huko kuita ndiko kujua kazi. Tatu, mnapokaa katika kamati ya afya ya shehia yenu, ulizeni: Wauguzi wetu hufanya mazoezi? Lini? Vifaa vya mazoezi vipo, au vimefungiwa kabatini? Kuuliza si ugomvi. Ni haki yenu.

Na nyinyi wenyewe msiache kusoma. Kusoma ukikuacha, nako kunakuacha. Na sisi vivyo hivyo.



Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mafunzo ya siku moja hayakutosha kule Haydom?
2. Muuguzi anayeita msaada, je, ni dhaifu? Toeni sababu.
3. Ni kazi gani katika kijiji chenu inayosahaulika isipofanyiwa mazoezi?