Mahabusu Si Hospitali: Kumtafutia Mraibu Tiba Inayomfaa



Haipiti wiki bila mzazi kufika kituoni akiwa amemshika mkono kijana wake, akituomba tumfungie mpaka aache waragi au dawa za kulevya. Uchungu wa mzazi huyo tunaufahamu. Hata hivyo, ombi lake hatuwezi kulitimiza.

Sababu ya kwanza ni sheria. Katiba ya Uganda, ibara ya 23, yataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Na ugonjwa si shtaka. Sababu ya pili ni uhai. Mtu aliyekunywa waragi kila siku kwa miaka mingi, akikatizwa ghafla, hutetemeka na kutokwa jasho, na huweza kushikwa na mishtuko kama ya kifafa. Siku ya pili au ya tatu huenda akaanza kuona yasiyokuwapo. Hali hiyo yaweza kumuua. Anahitaji dawa na uangalizi wa tabibu, wala si kufuli.

Mtumiaji wa heroini ana hatari ya namna nyingine. Arosto humtesa sana, lakini hatari kubwa huja baadaye. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza uzoefu wake, na kiasi kile kile cha zamani chaweza kumkata pumzi. Kwa wengi wa aina hii, tiba iliyothibitika ni methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Jirani zetu wa Tanzania walianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Kwetu hutolewa Butabika.

Basi, kabla hamjauza ng'ombe au kipande cha shamba kulipia kituo cha binafsi, anzieni hospitali ya serikali. Butabika, Kampala, ina kitengo cha wagonjwa wa pombe na dawa za kulevya; hospitali za rufaa za Gulu, Mbale na Mbarara zina huduma za afya ya akili. Mgonjwa apimwe kwanza: anatumia nini, tangu lini, na ana maradhi gani mengine. Wapo watakaotosheka na ushauri wakiwa nyumbani, na wapo wa kulazwa.

Mkichagua kituo cha binafsi, ulizeni: Tabibu mwenye leseni ni nani, na usiku hubaki nani? Jamaa huruhusiwa kumtembelea mgonjwa? Gharama zimeandikwa? Akitoka, nani atamfuatilia? Mkiona minyororo au fimbo, ondokeni na mtuarifu, kwa maana kumpiga mgonjwa si tiba, ni kosa la jinai.

Nawe unayetusikiliza hali ukijua kuwa mgonjwa ni wewe, usikate waragi ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwone tabibu kwanza, na umwambie ukweli wa kiasi unachokunywa.

Mgonjwa akiteleza baada ya miezi kadhaa, msimtangaze kuwa ameshindikana. Uraibu ni maradhi yenye tabia ya kurudi. Mrudisheni kwenye tiba mapema.

Mlango wa kituo chetu u wazi. Njooni tuwaonyeshe njia ya hospitali.