Mashindano ya Motokaa Wakati wa Masika

  Maneno yangu ya leo ni habari za mashindano ya motokaa. Yamkini wako kati yenu watakaosema, "Hayo ni mambo ya watu wenye mali na wakati wa kupoteza. Sisi wakulima wa ndizi na mahindi, sisi wafugaji wa ng'ombe, yatufaa nini?" Nawaomba mnivumilie kidogo. Mashindano nitakayowasimulia yalifanywa katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, katika barabara zile zile wapitazo watu waendao sokoni, na katika majira yale yale ya mvua ambayo ninyi mwayajua kuliko mtu wa mjini. Ndani yake mna mafunzo kwa kila mtu aendeshaye chombo, na kwa kila mtu apitaye njiani kwa miguu.

Katika nchi nyingi za ng'ambo mashindano ya motokaa hufanywa katika njia maalumu iliyotiwa lami, yenye kuzunguka na kurudi pale ilipoanzia. Motokaa huizunguka njia hiyo mara nyingi, na watu hukaa pembeni wakitazama. Kila mkutano una alama zake, na alama hizo hukusanywa tangu mwanzo wa msimu mpaka mwisho, hata ajulikane bingwa wa nchi kwa mwaka ule. Iko na aina moja ya mashindano hayo ambayo hutumia motokaa za umbo la kawaida, kama zile zinunuliwazo na mtu wa kazi kwa kuchukulia jamaa zake. Huku kwetu yalizuka mashindano yaliyotumia motokaa za namna hiyo pia, lakini uwanja wake haukuwa wa kuzunguka. Uwanja wake ulikuwa nchi tatu nzima.

Asili yake ni hii. Huko Kenya alikuwako bwana mmoja, jina lake Eric Cecil, aliyependa mashindano ya motokaa. Alimwalika ndugu yake, Neil Vincent, aingie katika mashindano ya kuzunguka uwanjani. Huyo akakataa, akasema kwamba kuzunguka mahali pamoja kutwa nzima ni kazi ya kuchosha moyo. Bali kama yangekuwako mashindano ya mtu kuingia katika motokaa yake, akafunga mlango, akaikata Afrika hata nusu yake na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, hayo angeyaingia. Neno lile halikupotea. Mwaka 1953, tangu tarehe 27 Mei mpaka tarehe 1 Juni, mashindano ya kwanza yakafanywa katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yakaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilishwa likawa East African Safari. Hivyo neno letu la safari likavuka bahari, na wenye viwanda vya motokaa katika Ulaya na Japani wakalijua na kuliogopa.

Sheria zake zilikuwa na busara. Katika miaka ya mwanzo motokaa zilipangwa madaraja kwa bei yake ya dukani, ili ya bei ndogo isishindane na ya bei kubwa. Nazo zilitakiwa ziwe kama zile ziuzwazo kwa watu wote. Kwa hiyo mkulima au karani aliyetaka kununua motokaa aliweza kusoma habari za mashindano akajua ni ipi ivumiliayo njia zetu, na ni ipi ivunjikayo. Mwaka 1954 walioshinda, Vic Preston na D. P. Marwaha, walitumia Volkswagen, motokaa ndogo ya watu wa kawaida.

Basi huwa namna gani kushindana katika njia ndefu hivi? Motokaa haziondoki pamoja kama ng'ombe wafunguliwao zizini. Huondoka moja moja, kwa kupishana dakika chache. Dereva hana budi kuwa na mwenzake wa kumsomea njia na kutunza saa. Wanapewa kadi, na katika kila kituo karani huandika saa waliyofika. Kila kituo kina wakati wake uliopangwa. Achelewaye hutozwa alama kwa kila dakika. Mwisho wa yote, mwenye alama chache za kutozwa ndiye mshindi. Njia yote ilikuwa zaidi ya maili 3,000, yaani karibu kilomita 5,000, nayo ilipitwa kwa siku chache, usiku na mchana.

Tena ikawa desturi kuyafanya wakati wa Pasaka, nao ndio wakati wa masika. Hapa hamhitaji mtu wa kuwaeleza. Mnajua jinsi udongo mweusi wa mbugani unavyokuwa baada ya mvua ya usiku mmoja: hushika gurudumu kama gundi, hujaza nafasi yote iliyo juu yake, hata gurudumu lisiweze kuzunguka. Mnajua jinsi udongo mwekundu wa milimani unavyoteleza, na jinsi kijito kilichovukwa asubuhi bila kulowesha magoti kiwezavyo jioni kuchukua ng'ombe dume. Mto Mara nao mnaujua ufurikapo. Hayo ndiyo waliyoyakuta washindani, tena gizani, katika njia walizozipita mara moja au mbili tu maishani mwao.

Mwaka 1963 ndio uliotia hofu kuliko yote yaliyotangulia. Motokaa 84 ziliondoka. Zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Alikuwako dereva hodari wa Sweden, jina lake Erik Carlsson, aliyejulikana Ulaya nzima. Yeye alikuwa akiongoza, ndipo usiku akagonga mhanga, yule mnyama achimbaye vichuguu, na motokaa yake ikaharibika. Ushindi ukawa wa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakaaji wa huku huku, katika Peugeot 404. Na mwaka 1968, masika yalipokuwa makali tena, motokaa zaidi ya 90 ziliondoka, na kwa mara ya pili zikafika 7. Walioshinda ni wale wale Nowicki na Cliff, katika Peugeot 404 vile vile.

Lakini Carlsson hakukata tamaa. Mwaka 1964 alirudi pamoja na mwenzake Gunnar Palm, wakakwama katika matope. Motokaa yao, Saab, ilikuwa ndogo na nyepesi. Walipoona haivutiki mbele wala nyuma, waliishika ubavuni wakaipindua, ikabingirika hata mahali pakavu, wakapanda wakaenda zao. Mwaka ule walikuwa wa pili. Watu walicheka waliposikia, lakini mwenye akili huona ya kuwa hapo palikuwa na hekima: mtu asiye na nguvu za kuushinda mlango mmoja, na atafute mlango mwingine.

Mwaka 1965 ulileta sifa ya namna nyingine. Joginder Singh alizaliwa Kericho, mwana wa fundi wa Kisingasinga, na mwenyewe akakua katika kazi ya spana na mafuta. Aliingia pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika. Haikuwa motokaa mpya ya kiwanda, bali mikono iliyoitengeneza ilikuwa ya mtu aliyejua kila msumari wake. Wakashinda, wakamwacha aliyewafuata kwa muda wa saa 1 na dakika 40. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Hata upande wetu wa Tanzania haukukosa fahari yake: mwaka 1966 na mwaka 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkaaji wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404.

Kwa miaka 19 hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyeweza kushinda, ingawa viwanda vikubwa vilileta madereva wenye majina, mafundi na vyuma vya akiba. Mwisho wa hayo ulikuja mwaka 1972, mashindano yalipoanzia Dar es Salaam. Hannu Mikkola wa Finland alishinda katika Ford Escort, na aliyekaa ubavuni pake kumsomea njia alikuwa Gunnar Palm, yule yule aliyeibingirisha Saab matopeni miaka minane nyuma. Mgeni alishinda baada ya kukubali kuwa mwanafunzi wa nchi.

Mwaka uliofuata, 1973, Safari iliingizwa katika hesabu ya mashindano ya dunia, ulipoanzishwa msimu wa kwanza wa ubingwa huo. Nisikilizeni vizuri hapa. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alikuwa amehamia Kenya baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza njia yote wakiwa na alama sawasawa. Waamuzi wafanyeje? Wakafungua kadi zao, wakatazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kutozwa alama. Alikuwa Mehta, naye akapewa ushindi. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, tangu mwaka 1979 mpaka mwaka 1982. Twaona basi ya kuwa uangalifu wa saa za kwanza, ambao hakuna mtu aliyeushangilia, ndio ulioamua jambo la mwisho.

Sasa niseme neno linalotuhusu sisi wa mpakani. Mashindano haya yaliwezekana kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilifunguliana milango. Katikati ya miaka ya 1970 urafiki wa serikali ulipopungua, njia ya Safari ikawa hasa ya ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Wasikilizaji wengine walisoma habari hizo magazetini. Wazee wenu waliziona kwa macho, maana Mkuria wa Tarime na Mkuria wa Kehancha ni watoto wa nyumba moja, na mstari ule ulipita katikati ya ukoo na malisho. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999. Mwaka huo huo Charles Muhangi wa Uganda alitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya motokaa, akaonyesha ya kuwa Mwafrika si mtu wa kusukuma motokaa ya mwenzake katika matope tu.

Liko na jambo moja la huzuni ambalo haifai kulificha. Barabara za Safari ya zamani hazikufungwa. Washindani walipita kwa kasi mahali palipo na mabasi, malori, makundi ya ng'ombe na watoto waliokimbilia njiani kutazama. Aliyeandikisha jina lake katika mashindano ameikubali hatari yake. Mtoto aliyesimama kando ya njia hakuandikisha jina lake popote. Kwa ajili ya haki hiyo desturi imegeuzwa. Mashindano ya dunia yaliacha kuja Kenya baada ya mwaka 2002, na yaliporudi mwaka 2021, upande wa Naivasha, vipande vya kushindania vilikuwa vimefungwa, watu wengine wasipite.

Basi, vijana wangu wa Nyamwaga mnaoendesha pikipiki na magari, mimi sisemi, "Msipende mwendo." Nasema, mjifunze kwa hao walioshinda. Kwanza, walikuwa mafundi wa vyombo vyao. Walikagua breki, taa na tairi kabla ya kuondoka, si baada ya kuanguka. Pili, walikuwa na saa ya kukimbia na saa ya kushuka, kuvua viatu na kupima maji kwa fimbo. Wazee husema mwenda pole hajikwai. Nao walijua mahali pa kwenda pole. Tatu, barabara ya kijiji chenu haikufungwa kwa ajili yenu. Humo mna mama mwenye mtungi, mna mzee asiyesikia vizuri, mna watoto watokao shuleni. Hao hawakuandikisha majina.

Na ninyi wazee wenye maneno katika mabaraza, mifereji ya kando ya barabara na izibuliwe kabla ya mvua, na watoto wafundishwe kutochezea njiani. Mvua haishindani na mtu, lakini humshinda kila asiyejitayarisha. Kati ya motokaa 84 zilifika 7. Katika kijiji hatutaki kuhesabu namna hiyo. Twataka kila aliyetoka asubuhi arudi jioni kwake.