Kutia Mbolea Shambani: Itiwe Wapi, na kwa Njia Gani?



Wazee wamesema ya kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulipingi. Lakini liko jambo moja ambalo mkulima hana budi kulichagua, nalo ni njia ya kutia mbolea katika shamba lake.

Na tutazame Murongo, katika wilaya ya Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera ndio mpaka, na ng'ambo ya daraja ni Kikagati, katika nchi ya Uganda. Huko, kama katika sehemu nyingi za Mkoa wa Kagera, nyumba husimama katikati ya kibanja cha migomba na mibuni, na nje yake ni rweya, yaani nchi ya nyasi. Tangu zamani samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya zilichukuliwa kibanjani. Basi kibanja kikanenepa, na rweya ikakonda. Siku hizi watu ni wengi, ng'ombe hawatoshi, na mahindi na maharage hulimwa hata katika udongo ule uliokonda. Kwa hiyo mtu hutoa fedha ya kahawa yake akanunua mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi, kilo 50. Fedha hiyo ingeweza kuwa ada ya mtoto shuleni. Je, mfuko huo autie namna gani, asije akalia?

Njia ya kwanza ni kutawanya, yaani kurusha mbolea shamba zima kama arushaye mbegu za ulezi. Kazi yake ni nyepesi, lakini magugu hula pamoja na mahindi. Tena, fosforasi haitembei sana udongoni. Hukaa karibu na pale ilipowekwa, na mzizi usiofika hapo haupati kitu. Na katika miteremko mvua kubwa huichukua hata mtoni. Mto Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ambako magugu maji yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na rutuba itokayo mashambani ni chakula chake. Basi atawanyaye ovyo mlimani huyalisha magugu ya ziwani kwa fedha yake mwenyewe. Kutawanya kwafaa zaidi samadi iliyooza na ambayo ni nyingi, mradi ichanganywe na udongo kwa jembe mara moja.

Njia ya pili ni kutia katika mfuo, kando ya mstari wa mbegu. Ni njema kwa maharage yapandwayo kwa karibukaribu.

Njia ya tatu ni kutia katika kila shimo. Hii ndiyo imfaayo mwenye mfuko mmoja. Kizibo cha chupa ya soda huchukua mbolea ya kadiri ya gramu 5. Ukipanda mahindi kwa mistari ya sentimeta 75, na shimo hadi shimo sentimeta 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Kizibo kimoja kila shimo ni kilo 45, yaani mfuko mmoja watosha ekari nzima na kubakisha kidogo. Huko Niger, katika nchi kavu ya Afrika Magharibi, wakulima wa mawele nao wamepima mbolea kwa kizibo, wakaona faida. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini hapa twaungama kosa letu. Mwaka mmoja, katika shamba la chuo, tulitia mbolea na mbegu pamoja, moja juu ya nyingine, tukafukia. Mbegu nyingi hazikuota. Mwanafunzi mmoja akauliza, “Mwalimu, kumbe mbolea ni sumu?” Tuliona haya. Mbolea si sumu, bali ni chumvi, na chumvi huvuta maji. Ikigusa mbegu huiunguza. Tangu siku ile twafundisha hivi: tia mbolea, ifunike kwa udongo wa unene wa vidole viwili au vitatu, ndipo uweke mbegu, kisha ufukie.

Njia ya nne ni kutia pembeni, mmea ukiwa umekwisha kuota. Hii ni kwa mbolea ya naitrojeni, kama urea. Naitrojeni huyeyuka upesi na kushuka na maji. Ukiitia yote siku ya kupanda, mvua huichukua kabla mizizi haijaweza kuila. Ngoja mahindi yafike magotini, palilia kwanza, tia kando ya shina wakati udongo una unyevu, kisha ufukie. Urea iachwayo juu ya udongo hugeuka hewa ikapotea. Maharage hayahitaji nyingi, kwa kuwa vinundu vya mizizi yake hupata naitrojeni kutoka hewani. Na mgomba utiwe kwa kuuzunguka, mbali kidogo na shina, kisha ufunikwe nyasi.

Basi, wasikilizaji, kwa kifupi: iliyo nyingi na tena ni samadi, tawanya na kuchanganya, iliyo kidogo na ya kununuliwa, tia shimoni, ya kukuzia, tia pembeni, na zote zifukiwe. Wala mbolea ya dukani isiifukuze samadi, kwani samadi ndiyo iupayo udongo nguvu ya kushika maji na rutuba.

Nanyi mnaosita, msiamini maneno yetu matupu. Msimu ujao pimeni mistari mitano kwa njia moja, na mitano kwa njia nyingine, kisha hesabuni magunzi wakati wa kuvuna. Shamba lenyewe litawajibu.

Kwa herini, na mvua njema.